Kuchuja Majaribio si Uvivu

Kuna wimbo unaopendwa sana na mabingwa wa kompyuta: endesha majaribio yote, kila mara. Waombe waongeze vichujio kwenye zana ya majaribio ya terminali, watakuambia unatafuta njia ya kukwepa kazi. Leo nawajibu, na jibu langu linatoka Turkana.

Kwanza kwa msomaji asiyeandika programu. Jaribio ni programu ndogo inayokagua programu kubwa. Programu ya duka inaweza kuwa na mamia ya majaribio: hili linakagua hesabu ya chenji, lile linapiga hodi kwenye seva ya malipo iliyo mbali. Unaandika amri moja, yote yanakimbia. Kuchuja ni kuiambia zana: endesha haya, yale yaache kwanza.

Sasa, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayesema "yote, kila mara" ana umeme usiokatika na seva za kumfanyia kazi huku yeye akinywa kahawa. Hapa kwetu bwawa la Turkwel, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, lilikamilika mwaka 1991. Umeme wake ulivutwa hadi Lessos, na Lodwar ikaendelea kwa miaka mingi kuwashwa na jenereta za dizeli. Endelea mbele kama kilomita 120 ufike Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992. Huko kijana anayejifunza programu kwa laptop kuukuu huhesabu chaji ya sola na bando la intaneti. Amerekebisha hesabu ya chenji tu. Kwa nini alipie bando la kujaribu seva ya malipo ambayo hakuigusa?

Msidhani ni jambo dogo. Lugha ya Go ilitoa toleo lake la 1 mwaka 2012. Chaguo la `-run` lilikuwepo, la kutaja majaribio unayoyataka. Lakini kusema "yote isipokuwa haya"? Ilibidi kungoja `-skip`, iliyokuja na toleo la 1.20, Februari 2023. Karibu miaka 11! Wakati huo wote ruwaza za Go hazikuwa na namna rahisi ya kukanusha. Wenzao wa Python wanaotumia pytest huandika `-k "not malipo"` na kazi inaendelea. Wakiandika `--lf`, yanarudiwa yale tu yaliyofeli mara ya mwisho.

Wapinzani wana hoja moja ya kweli, na sitaikwepa: kichujio huficha. Jaribio lililoachwa leo husahaulika kesho. Lakini dawa ya hapo si kuninyima chujio. Anayechuja chai huyaona majani yaliyobaki kwenye chujio. Zana ya majaribio nayo ionyeshe majani yake.

Wengine hawaonyeshi vya kutosha. Kosea herufi moja katika jina unalompa `-run`, na Go itaandika "ok", pamoja na kidokezo kidogo kwamba hapakuwa na jaribio la kuendesha. Namba inayoiachia terminali ni 0, yaani salama. Mashine inayosoma namba hiyo peke yake itaamini mambo ni shwari, kumbe hakuna kilichokaguliwa! pytest haikubali mchezo huo: hutaja idadi ya yaliyoachwa, na kama hakuna hata moja lililoendeshwa hurudisha 5. Hata unittest, inayokuja na Python yenyewe, ilifuata njia hiyo katika toleo la 3.12, mwaka 2023.

Basi madai yangu kwa mtengenezaji yeyote wa zana ni haya. Nipe kuchagua kwa jina, kuacha kwa jina, na kurudia yaliyofeli. Niambie mwishoni ni mangapi nimeyaacha. Na nikipata sifuri, piga kelele, usiniambie "ok".

Siku ya kuwapelekea watu programu, endesha yote, hata kama itabidi usubiri jua lijaze betri. Siku nyingine zote, mwache fundi achague anachokagua. Yeye ndiye anayelipa bando.