Mche Mpya Wahitaji Zamu

Kila zinapoanza mvua za Septemba, majembe hutoka ghalani. Katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, askari na raia wa Kigali huinama bega kwa bega wakichimba mashimo, na ifikapo adhuhuri kambi na vituo vya polisi huwa vimepambwa kwa miwaridi na ua changa. Hilo ni jambo jema. Lakini tuulizane bila kufichana: baada ya miezi mitatu, ni miche mingapi huwa hai?

Sisi tunaoandika haya hatumo nje ya lawama. Tulipanda safu ya miwaridi mbele ya ofisi yetu, tukapiga picha, tukaondoka. Tulipoikumbuka, machipukizi yalikuwa yamejikunja, yamejaa vidukari wa kijani, na sisimizi wakipanda na kushuka. Kwa hamaki tukaagiza sumu kali, ikanyunyizwa mchana wa jua. Vidukari walikufa. Wakafa pia nyuki, pamoja na wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambao chakula chao ni vidukari. Wiki chache baadaye vidukari walirejea kwa wingi zaidi, kwa sababu jike huweza kuzaa bila dume, na wakati wa joto mtoto wake naye huanza kuzaa baada ya siku kumi hivi. Tulikuwa tumewaua washirika wetu na kumwachia adui uwanja.

Ni askari gani ashambuliaye kabla ya kupeleleza? Mche uliotoka kitaluni haujashika ardhi, hivyo pigo dogo laweza kuuangusha. Hauna budi kukaguliwa kila siku, na majani yageuzwe, kwani vidukari hujificha upande wa chini. Wakiwa wachache, vidole na maji ya nguvu hutosha. Wakizidi, nyunyiza jioni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ukijaribu kwanza kwenye majani machache, kisha rudia baada ya wiki. Sisimizi nao wazuiwe, maana hufuata utamu unaotoka kwa vidukari na huwalinda dhidi ya maadui zao. Mche ukikutwa asubuhi umekatwa shinani, fukua udongo ulio karibu: sota hushambulia usiku na mchana hujikunja humo.

Hata dawa inapolazimu, tunayo pareto, zao la mashamba yaliyo chini ya volkano za Musanze. Huvunjika upesi kwa mwanga wa jua, lakini nayo huua nyuki. Basi itumike jioni, mahali penye wadudu tu. Tusisahau kwamba Kigali ni mji wa vilima: kinachomwagwa juu husombwa na mvua hadi mabondeni, na hatimaye mto Nyabarongo.

Yuko atakayesema kwamba kazi ya askari si kuwinda wadudu. Tumkumbushe mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia katika mahindi ya nchi hii. Wanajeshi walikwenda mashambani pamoja na wakulima, wakawaokota viwavi kwa mikono. Hakuna aliyeona kwamba sare zao zimedhalilika.

Kwa hiyo rai yetu ni moja. Siku miche inapopandwa, majina ya watakaoitunza yaandikwe katika daftari la zamu, kama yaandikwavyo majina ya walinzi wa lango. Dakika kumi za asubuhi zatosha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba asiyegeuza jani leo, kesho atachimba shimo lile lile upya. Safu yetu ya miwaridi tumeipanda tena, na safari hii zamu ya kwanza ni yetu wenyewe.