Kaa Huyu au Kaa Hili?

Mwezi wa kwanza, mvua ilipotuachia usiku mmoja, mimi na mwenzangu wa fizikia tulitoka nje ya Lubumbashi na darubini ndogo ya kuazima. Tuliielekeza kaskazini, karibu na ncha ya pembe moja ya kundi la nyota liitwalo Ng'ombe. Kwa jicho niliona ukungu tu. Tukapiga picha 120, kila moja ya sekunde 30, kisha programu ikazipanga moja juu ya nyingine. Ndipo nyuzi nyekundu zikajitokeza: masalio ya supanova, nyota kubwa iliyolipuka. Wanajimu wa China waliuona mlipuko huo mwaka 1054, wakauita "nyota mgeni". Uling'aa hata mchana kwa siku 23.

Nilipoonyesha picha darasani, wenzangu waliisifu, kisha wakanishauri niandike maelezo yake kwa Kifaransa, eti Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo.

Napinga. Wanajimu wale walitumia maneno mawili ya kila siku, "nyota" na "mgeni", na hadi leo tunawaelewa. Katika miaka ya 1840, Lord Rosse wa Ireland alikichora kitu hicho kwa mkono. Mchoro ukafanana na kaa, jina likabaki: Nebula ya Kaa. Picha yangu haifanani na kaa hata kidogo. Jina limedumu kwa kuwa watu walilitumia, wala si kwa usahihi wake.

Tena tukilitafsiri, lugha yetu inaongeza kitu. Kaa huyu ana miguu. Kaa hili ni la moto. Katikati ya nebula imebaki nyota ndogo, pulsa, inayozunguka mara 30 hivi kila sekunde, na ndiyo inayolipa wingu lote nguvu ya kung'aa. Moto haujazimika ndani.

Mtu atasema huo ni mgongano wa sauti tu, si sayansi. Nakubali. Lakini mwanafunzi akisikia kaa la moto, hatasahau kwa nini wingu lile linawaka.

Sisi wa lugha tusikae tukingoja orodha ya istilahi kutoka kwingine. Twende usiku na watu wa fizikia, tutazame, tuandike, tusahihishane. Picha yangu nimeibandika kwenye ubao wa kitivo. Maelezo yake ni ya Kiswahili. Mwenye neno bora aje na kalamu.