Mbwa Wako Si Mkaidi

Kutus ina fundi wa kila kitu, na kila fundi ni daktari wa mbwa. Sema tu pale stejini kwamba mbwa wako ameanza kuchechemea. Kabla matatu ya Kerugoya haijajaa, umeshapewa tiba: pitia kemisti, nunua diklofenaki, saga, changanya na ugali. Akikataa, mkabe umtie mdomoni. Maumivu ni maumivu, ati.

Uongo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtu humeza baada ya kushinda ameinama kwenye mpunga wa Mwea, humletea mbwa vidonda vya tumbo na kumharibia figo. Hutapika, hugoma kula, kinyesi chake kinakuwa cheusi kama lami, na mwenyewe anasema, "Ni uzee." Na si mbwa tu. Uliza India: tumbusi wao walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, hadi serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Wenye pesa kidogo huagiza tembe za glukosamini kutoka Nairobi. Hizo zinaumiza mfuko zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za mbwa na paka: mafuta ya omega-3 yalipunguza maumivu ya viungo, glukosamini na kondroitini hazikufua dafu. Na bado mbwa mzee, Simba, anakimbizwa uani, watoto wamemng'ang'ania masikio, ameze unga wa magamba ya kamba na kaa!

Nimemtazama jirani akificha tembe ndani ya ini. Mbwa alikula ini lote, akalamba sufuria ikang'aa, tembe akaiacha katikati. Huyo ndiye anayeitwa mkaidi. Kama daktari ameagiza tembe kweli, mpe kipande kitupu, kisha chenye tembe, kisha kitupu kingine upesi, wakati bado anakitolea macho. Mieleka ya nini?

Uzito wake, hata hivyo, hakuna anayeuuliza. Mbwa hushinda kwenye mnyororo, jioni anamwagiwa lundo la ugali, kisha tunashangaa nyonga zimegoma. Kule Marekani, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, na matokeo yakatolewa 2002: waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka 2 zaidi ya wenzao, na ugonjwa wa viungo ukawachelewa. Kupunguza ugali hakugharimu hata shilingi.

Kwa ng'ombe tunampigia daktari wa mifugo usiku wa manane. Mpigie na kwa mbwa. Amshike nyonga, aseme kama ni viungo, jeraha au ugonjwa wa kupe. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na hupimwa kwa kilo zake. Mpaka afike, diklofenaki ya baba iache kabatini.