Kamati ya Harusi Ipo, Kamati ya Ndoa Haipo



Juma hili tunataka kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, na wengine mtaliona ni la wenye nafasi: mume na mke kuiacha nyumba yao siku ya Ijumaa, kwenda kulala ndani ya hema katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kurudi Dominika. Tunaliandika kwa sababu limetokea miongoni mwetu hapa Bariadi na limezua maneno katika jumuiya. Tena sisi wenyewe hatukulipokea vema siku ya kwanza tulipolisikia. Wahusika wametupa ruhusa ya kulieleza, mradi tusiwataje.

Wanandoa hao walitimiza miaka 25 ya ndoa. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi, mke ana meza ya vitenge sokoni. Watoto wao waliokwisha kupata kazi walitaka kuwafanyia jubilei kama tulivyozoea: ukumbi, mshereheshaji, sare, keki na kadi za michango. Wazazi wakakataa. Wakaomba Misa ya shukrani tu, na baada ya hapo wasaidiwe mafuta ya gari na hema la kuazima, ili waende wawili peke yao mahali ambapo hakuna atakayewabishia hodi. Habari ilipofika jumuiyani, mmoja akasema wametunyima pilau. Mwingine akasema wameanza uzungu ukubwani. Na sisi, padre wenu, tulipoambiwa, tulicheka. Tunaomba radhi kwa kicheko kile.

Walisafiri mwezi wa Juni, majira ambayo huku kwetu pamba huwa inapelekwa mizani, na kule hifadhini makundi makubwa ya nyumbu huwa yanapita katika ukanda wa magharibi. Walishika barabara ya lami hadi Lamadi, wakasogea mbele kidogo, wakaingia kwa lango la Ndabaka katika gari la shemeji yao. Mwalimu huyo amewafundisha watoto wetu kwa zaidi ya miaka 20 kwamba Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, kwamba ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kwamba iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Aliyajua hayo yote kwa moyo. Lakini hakuwa ameingia ndani yake hata siku moja, ingawa akiwa Lamadi lango lile liko karibu naye kuliko shule anayofundisha. Mkewe ndiye aliyelitamka hilo walipokuwa wakilipita lango, na wote wawili wakacheka.

Kambi ya umma hifadhini haina uzio. Kuna mahali pa kupikia, kuna choo, na kuna nyasi za kusimika hema. Jua likizama, magari hayaruhusiwi kutembea na watu hawazururi. Chakula hakiwekwi ndani ya hema, kwa sababu fisi ana pua. Hakuna runinga, hakuna mgeni wa ghafla, hakuna mteja anayedai chenji. Wapo wawili, turubai na tochi moja. Usiku wa kwanza walisikia fisi, kisha, kwa mbali, simba. Mume alijaribu kufanya utani, sauti ikamkauka. Mke akamshika mkono. Wote wawili walitukiri kwamba hawakukumbuka ni lini mara ya mwisho walishikana mikono pasipo kuwa msibani.

Usiku wa pili ndipo yalipotokea yale yaliyotufanya tuandike. Wanandoa hawa walimzika mtoto wao wa kwanza akiwa na miaka mitano. Kabla ya hapo, kama ilivyo desturi yetu, mama huyo aliitwa kwa jina la mtoto huyo: nyumbani, sokoni na kanisani. Baada ya maziko, watu kwa huruma yao wakaanza kumwita kwa jina la mtoto wa pili, ili wasimtoneshe kidonda. Mume naye akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyemwuliza mama mwenyewe. Usiku ule, gizani, kwa sauti ya chini, alimwambia mumewe kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akitamani, walau mara moja, aitwe tena kwa jina lile la kwanza; kwamba siku walipolibadilisha alijisikia kama mtoto wake amezikwa mara ya pili. Mume alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akamwita kwa jina lile.

Wapendwa, tumekaa na ungamo hilo la upendo kwa majuma kadhaa, na swali moja halituachi. Je, kwa nini neno hilo halikusemwa katika nyumba yao yenye vyumba vinne? Walilala kitanda kimoja kwa maelfu ya usiku. Hawakuwa na ugomvi. Hawakuwahi kuletwa mbele ya wazee, wala kwetu. Kwa macho ya parokia walikuwa mfano wa kuigwa. Lakini mazungumzo yao, kama walivyotueleza, yalikuwa yamebaki kuwa ya ada za shule, bei ya pamba, michango na wagonjwa wa ukoo. Walikuwa wamegeuka washirika wema wa kampuni moja. Ndoa nyingi hazifi kwa ugomvi. Hufa kwa kukosa nafasi ya kusema.

Hapo ndipo penye lawama yetu sote, na tunaanza na sisi wachungaji. Kijana akitangaza uchumba, siku hiyohiyo kamati inaundwa. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Inakutana kila juma. Inapiga simu kwa ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam. Mamilioni ya shilingi yanachangwa kwa ajili ya siku moja, tena jioni moja. Kesho yake kamati inavunjwa, na wale wawili wanabaki na miaka 30 au 40 mbele yao pasipo hata mtu mmoja wa kuwauliza hali. Hatujapata kusikia kamati ya mwaka wa kumi, wala kadi ya mchango kwa ajili ya wanandoa waliochoka. Tunaichangia harusi, ndoa tunaiachia ijitegemee. Sisi mapadre nasi tunawapa wachumba mafundisho kabla ya ndoa, kisha tunaonana nao tena wakileta mtoto kubatizwa, au wakileta mashtaka.

Si kwamba Kanisa halijalifikiri jambo hili. Mwaka 1962, mjini Barcelona nchini Hispania, Padre Gabriel Calvo aliwakusanya wanandoa 28 kwa mwisho wa juma mmoja ili mume na mke wazungumze wao kwa wao, kwa ukweli, mbali na shughuli za nyumbani. Kutoka hapo ulikua utume wa Marriage Encounter ambao umeenea katika nchi nyingi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alitukumbusha kwamba upendo unahitaji muda na nafasi, na kwamba mengine yaweza kungoja. Wala hema lenyewe si jambo geni kwa watu wa Mungu. Waisraeli waliamriwa kukaa katika vibanda siku saba kila mwaka, hata baada ya kujenga nyumba imara, ili wasisahau kwamba waliwahi kuwa wasafiri waliotegemeana na kumtegemea Mungu.

Tunayajua majibu mtakayotupa, na tungependa kuyajibu kwa heshima.

Mtasema huo ni uzungu. Lakini ni nani kati ya wazee wetu wa Kisukuma ambaye hakulala nje? Walilala kwenye dungu wakilinda mtama, walihama na ng'ombe kutafuta malisho, na wake zao waliwafuata. Wazungu wenyewe sasa wanalipa gharama kubwa ili wapate kile tulichokiacha. Huko Marekani, katika eneo la burudani la Walt Disney World jimboni Florida, ipo kambi iitwayo Fort Wilderness, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako familia hulala katika mahema kando ya bustani za michezo zilizobuniwa na mikono ya watu. Hatuwacheki. Wametambua kwamba nyumba peke yake haitoshi. Ila wao wamelazimika kulitengeneza pori lao, na sisi la kwetu lipo, hatukulijenga, na tunalipita kwenye basi tukiwa tumelala.

Mtasema hatuna fedha. Hili ni jibu la kweli kwa wengi, na hatutaki kulibeza. Walakini, ada ya kiingilio kwa Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno ikilinganishwa na anayolipa mgeni. Kinachogharimu ni gari, na gari moja laweza kubeba wanandoa watatu au wanne wakichangiana. Wanandoa wetu hawa walitupa hesabu yao, nasi tukailinganisha na bajeti ya jubilei waliyoikataa. Haikufika hata gharama ya ukumbi na chakula.

Wapo pia kati yenu ambao neno hifadhi haliwakumbushi mapumziko hata kidogo. Linawakumbusha ng'ombe waliokamatwa, faini, na mipaka yenye maneno mengi, hasa ninyi mnaoishi jirani na Pori la Akiba la Maswa. Hatuwezi kujifanya hatuyajui machungu hayo, na mahali pake pa kuyazungumza papo. Kwenu tunasema tu kwamba si lazima iwe Serengeti. Ufukoni mwa ziwa, upande wa Lamadi, hema linasimama vilevile. Hata shambani kwenu, baada ya kuvuna, linasimama. Jambo la lazima ni wawili kutoka, na simu kuzimwa.

Mtasema, na watoto je? Hili ndilo jibu linalotugusa zaidi, kwa sababu dawa yake tunayo sisi jumuiya. Tunajua kulea watoto wa jirani siku tatu mama yao anapofiwa. Je, hatuwezi kuwalea siku mbili wazazi wao wakiwa hai na wanataka kupendana? Tusingoje kufadhiliana makaburini tu.

Mwisho mtatuuliza, padre ambaye hajaoa anajua nini juu ya haya? Anajua kidogo, ndiyo maana alicheka. Lakini anakaa katika kiti cha kusikiliza, na amesikiliza ndoa nyingi zikilia. Mara nyingi mno neno ambalo lingeziponya lilikuwapo tangu zamani. Lilikosa tu usiku mtulivu wa kutoka.

Kwa hiyo tuna pendekezo moja, na tutalipeleka katika kikao kijacho cha halmashauri ya walei. Kila kamati ya harusi katika parokia yetu itenge sehemu ndogo ya michango, hata ikibidi kupunguza keki, iwekwe kwa ajili ya wanandoa haohao watakapotimiza mwaka wa tano. Sehemu hiyo iwatoe nyumbani kwa siku mbili, wawili peke yao. Jumuiya yao ibaki na watoto. Parokia inunue mahema mawili mazuri, yakae stoo kama yanavyokaa masufuria na viti vya misiba, yaazimwe kwa zamu. Tukifanya hivyo, siku moja tutaweza kusema kwamba tunaisindikiza ndoa, na si harusi tu.

Wale wanandoa walitoka kambini alfajiri ya Dominika, mara tu magari yaliporuhusiwa kutembea, wakasali Misa ya pili njiani. Jumatatu mama alikuwa mezani pake sokoni kama kawaida. Tulipita kununua kitenge cha zawadi, na mume alikuwa amemletea chai kabla ya kwenda shuleni. Akamwita, mbele ya wateja, kwa jina lile la kwanza. Majirani wa meza waligeuka kutazama. Mama akaitika.

Tunawatakia Dominika njema, ninyi na wale mnaolala nao chini ya paa moja. Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, mwulizeni mwenzenu jambo moja ambalo hamjawahi kumwuliza. Kisha nyamazeni, msikilize.