Simu Imemdanganya Mama wa Mahindi

MPAKANI, na Auma Wandera

Jumanne wiki hii nilishuhudia kivinjari cha simu kikimpotezea mama mmoja faida ya lori zima la mahindi, na tangu siku hiyo sijatulia.

Mama huyu hununua mahindi vijijini Tororo, huyafikisha Busia na kuyauza ng'ambo, upande wa Kenya. Wasomaji wangu mnawajua kina mama hawa. Nimewaandika hapa mpaka mhariri ameniomba nipumzike, na sitapumzika. Tena msidhani ni mtu wa kubabaishwa na karatasi. Kile cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha mzigo usiozidi dola 2,000, anakijua kuliko vijana wengi wenye tai wanaozunguka pale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani.

Alikuwa ameketi kwenye saiba moja karibu na soko la Sofia akisubiri lori lake. Sokoni palikuwa na tetesi kwamba Kenya imebadilisha masharti ya mahindi. Akafanya anachofanya mtu makini: akatoa simu atafute tangazo lenyewe. Simu ilikuwa imejisasisha usiku, na kivinjari kimeamka na tabia mpya. Kabla ukurasa haujakaa sawa, kisanduku cha muhtasari kikachomoza juu kabisa, Kiswahili safi, mistari mitatu: Kenya imesimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Basi. Tarehe hakuna.

Akampigia dereva asimame hapohapo alipo. Akamwita dalali. Dalali wa Busia hunusa hofu ya mtu kabla hajamsalimu; akataja bei ya kutupa, mama akakubali. Ndipo kijana wa saiba alipochungulia ile simu.

"Mama, hebu shuka chini usome yote."

Chini kulikuwa na kila kitu. Marufuku ile ilitolewa tarehe 5 Machi 2021. Tarehe 10 mwezi huohuo Wizara ya Kilimo ya Kenya iliiondoa na kuweka masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili, na pawe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Habari ya miaka iliyopita imekatwa katikati, ikaletwa kama ya asubuhi ile.

"Lakini simu ndiyo imeniambia, mwanangu," mama akasema. Tulimsihi amrudie dalali. Akakataa, neno lilikuwa limeshamtoka, na sokoni neno lake ndilo linalomlisha.

Kazi ya kivinjari ni kuniletea ukurasa. Kuusoma ni kazi yangu. Mashine iliyojifunza kwa kumeza maandishi ya watu hubahatisha maneno yanayoelekea kufuatana; haijui gunia, wala haijui ni Machi ya mwaka gani. Kuipandisha juu ya tangazo, kwa herufi nono kuliko za tangazo lenyewe, ni kumpa mpiga ramli kiti cha karani.

Wenye kampuni husema tabia hiyo huzimika. Kijana yule na mimi tuliitafuta swichi mpaka vidole vikachoka, tukaipata ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine, kwa Kiingereza. Kupotosha wamejua kwa Kiswahili. Kuzima wametuachia Kiingereza.

Sipingi kila kitu. Tafsiri ya Kiswahili iliyoletwa na Google mwaka 2009, na ya Luganda mwaka 2022, imetufaa sana, na mwenye shida nayo huiita mwenyewe. Sisi tulioijua intaneti kupitia Opera Mini, iliyoenea duniani mwaka 2006, tunakumbuka kivinjari kilichobana kurasa ili bando la mnyonge lifike jioni. Mwaka 2025 hata hiyo Opera Mini ikatiwa msaidizi wa akili unde aitwaye Aria. Chrome ya kompyuta nayo, ukitaka ishushe mashine yake ya Gemini Nano, inadai GB 22 za nafasi tupu. Nani pale Sofia anazo? Uzito unaturudia, na gharama ni yetu: Uganda inatoza data ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na hapa mpakani ukijongea hatua chache tu simu inadaka mtandao wa nchi ya pili, bando linayeyuka.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na Tume ya Mawasiliano ya Uganda zinajua kulazimisha. Mama muuza mahindi hapati laini ya simu bila kitambulisho. Basi ziziagize kampuni za vivinjari kwamba muhtasari uje umezimwa, ubebe tarehe ya habari iliyofupishwa, na swichi yake iandikwe kwa lugha ileile ya muhtasari. Kampuni itakayokataa ifungiwe, kama inavyofungiwa laini ya mama asiyejisajili.