Njia ya Kando si Utovu wa Adabu

Kuna neno nililolisikia Sekei, mjini Arusha, ambalo hadi leo limenikaa kooni. Nilikwenda kumtazama dada yangu, anayekaa katika mtaa huo ulio juu kidogo ya barabara iendayo Moshi, pahala ambapo mawingu yakikuridhia asubuhi unauona Mlima Meru umekusimamia dirishani. Mwanawe, kijana wa miaka 14, ni mpenzi wa sataranji. Nilimkuta kajiinamia mbele ya ubao, vipande vimepangwa, na hachezi.

"Nimetolewa kwenye timu, mjomba," akaniambia.

Kosa lake? Katika michezo mitatu ya majaribio alijibu ulinzi wa Sisilia kwa njia ya kando. Alishinda miwili, akashindwa mmoja. Mwalimu wake, ambaye simtaji kwani si yeye peke yake mwenye fikra hiyo, akamwambia mbele ya wenzake: "Huo si mchezo, ni utovu wa adabu. Wakubwa hawachezi hivyo." Neno hilo ndilo ninalolijibu hapa. Nalijibu katika kurasa za wapenzi wa ushairi kwa sababu sisi tumelisikia zamani, nalo limetutia hasara isiyo ndogo.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mweupe anapoanza kwa kukisukuma hatua mbili kitunda, yaani askari, kilicho mbele ya mfalme wake, Mweusi anaweza kumjibu ana kwa ana kwa kitunda kama hicho. Katika ulinzi wa Sisilia hafanyi hivyo. Husukuma kitunda cha safu ya c, akaipigania kati ya ubao kutoka ubavuni. Jina hilo limetokana na kisiwa cha Sisilia, alikotoka padri Pietro Carrera, aliyeandika habari za mchezo huu mwaka 1617. Njia kuu ya Mweupe ni kutoa farasi na kuufungua ubao kwa kitunda cha d. Kuanzia hapo yamefuata maelfu ya kurasa za uchambuzi, na mchezaji huweza kufika hatua ya ishirini pasi na kufikiri lolote lililo lake.

Kijana wangu hakuipita njia hiyo. Katika hatua ya pili alikisukuma kitunda cha b hadi b4 na kumwachia mpinzani akile bure. Shabaha yake ilikuwa kukivuta kitunda cha Mweusi pembeni, kisha kuimiliki kati ya ubao. Si uzushi wa mtoto wa Sekei huu. Gioachino Greco, Mtaliana, aliuandika katika karne ya 17. Frank Marshall wa Marekani aliucheza mbele ya mabingwa wa zama zake. Paul Keres wa Estonia aliucheza kwa kuuchelewesha hatua moja, dhidi ya Eliskases, mwaka 1937, akashinda. Iwapo wakubwa hawachezi hivyo, basi watu hawa tuwaite nani?

Watetezi wa njia kuu watanijibu kwamba leo kompyuta imekwisha kukata shauri: kafara hiyo haimpi Mweupe faida, na Mweusi akijua cha kufanya hubaki na nafasi njema zaidi. Nakubali. Tena nitawaongezea hoja. Mweupe akikisogeza kitunda cha a hadi a3, Mweusi akajibu kwa kitunda cha d hatua mbili, vitunda vikalana na malkia wa Mweusi akasimama katikati, basi ole wake Mweupe atakayekurupuka kukila kitunda cha b4. Malkia ataruka hadi e5, atampa mfalme shaha, na kwa hatua ya pili ataila ngome ya kona bila ya mlinzi. Hivyo ndivyo kijana wangu alivyoshindwa ule mchezo mmoja.

Lakini tazameni alichokifanya baada ya hapo. Usiku ule alikaa na ubao wake hadi akang'amua kwamba kabla ya kula lazima atoe farasi hadi f3, aichunge e5. Hakuna kitabu kilichomwambia, wala mtu. Alipewa kipigo, akakigeuza kuwa elimu. Nauliza: hiyo si ndiyo adabu yenyewe ya mchezo? Au adabu ni kukariri hatua ishirini za mtu mwengine, na katika ya ishirini na moja kubaki umeduwaa?

Nina hoja nyengine, nayo ni nzito kuliko zote. Njia kuu zina gharama. Zinataka vitabu, zinataka kompyuta na programu, zinataka mwalimu wa kulipwa. Mtoto mwenye vyote hivyo akikutana na asiyekuwa navyo katika njia kuu, mchezo umekwisha kabla ya kuanza. Njia ya kando huwatoa wote wawili katika maktaba ya mmoja wao na kuwaweka mahali ambapo kila mtu hutumia akili aliyopewa na Mola wake. Phiona Mutesi alianza kujifunza kwa Robert Katende katika vitongoji vya Katwe, Kampala, pasi na maktaba wala mali, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Tukitaka wengine kama yeye, tusianze kwa kuwafungia vichochoro ilhali barabara tumeitoza ushuru.

Hata Bobby Fischer, aliyezisoma njia kuu kuliko takriban kila mtu wa zama zake, alichoshwa na kukariri. Mwaka 1996, mjini Buenos Aires, alitangaza mchezo ambao vipande vya safu ya nyuma hupangwa kwa bahati nasibu, ili elimu ya kukariri isimfae mtu. Kijana wangu hakufika huko. Yeye alikisukuma kitunda kimoja tu.

Sasa wapenzi wa ushairi, tujitazame wenyewe. Lugha yetu imeliweka neno moja katika nyumba mbili: shaha ni mfalme wa sataranji, na shaha ni bingwa wa malenga. Nyumba zote mbili zina mabawabu wa namna moja. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, palizuka ugomvi uliodumu miaka. Ilisemwa kuwa hayo si mashairi. Leo mashairi huru yanafundishwa mashuleni sambamba na ya kimapokeo, na vina havikufa. Mimi mwenyewe ni mtu wa vina, nitakufa nikivipenda; lakini sijapata kuona kina kilichovunjika kwa sababu jirani kaandika bila ya kina.

Na tusisahau kwamba hizo tunazoziita njia kuu zilikuwa vichochoro. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipolitia shairi la mishororo minne katika siasa, mapenzi na masimango ya mjini, alikuwa akiupeleka ushairi upande usiozoeleka, mbali na tenzi za dini. Leo huo ndio mwendo tunaouita wa asili. Sisilia nayo iliwahi kushukiwa na wakubwa wengi wa sataranji, walioona kwamba jibu la heshima ni kumkabili mfalme ana kwa ana. Leo ndiyo barabara kuu, na kijana anafukuzwa kwa kutoka ndani yake!

Sisemi kila apitaye kando ni shujaa. Yuko aikimbiaye njia kuu kwa uvivu, kama alivyoko aandikaye bila ya mizani kwa kuwa hawezi kuhesabu. Huyo afunzwe. Lakini mwalimu ana wajibu wa kuwatenga wawili hao, na kipimo ni chepesi: muulize mwanafunzi kwa nini amepita pale. Kijana wangu angejibu, na farasi wake angemwonesha. Hakuulizwa.

Kabla sijaondoka Sekei tulicheza. Nikajibu kwa Sisilia makusudi. Mkono wake ulikwenda kwenye kitunda cha b, ukasita, ukarudi ukatoa farasi kama anavyotakiwa. Alicheza vyema na akanishinda, wala hakufurahi. Hicho ndicho tunachokiua, na hakirudi kwa kombe wala kwa cheti. Namwachia ubeti huu, na mwalimu wake pia:

Njia kuu twaheshimu, wazee walotupisha,
Na kabla haijatimu, kichochoro kilitosha,
Mwenye kwenda kwa fahamu, haifai kumtisha,
Hatua zikishadumu, njia mpya huanzisha.