Ngitili ni ya wanakijiji, si ya ofisi

Leo dawa za pamba tuziweke pembeni kidogo, tuongee ngitili.

Hapa Kimali kila mtu anaijua. Mvua zikianza eneo linafungwa, nyasi zinakua, kiangazi kikikaza linafunguliwa kipande kwa kipande. Wanaotangulia kuingia ni ng'ombe wa maziwa, ndama na maksai. Maksai akikonda mwezi wa kumi, nani atavuta plau mvua ikinyesha? Kwa hiyo anayesema ngitili ni mambo ya wafugaji tu, mi namshangaa.

Tulikotoka ni pabaya. Vichaka vilifyekwa kufukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakameza maeneo mengine, halafu kuhamia vijijini miaka ya 1970 kukawaacha watu mbali na ngitili zao. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 mkoani Shinyanga (nasi tulikuwa humo, Simiyu ilikuwa haijazaliwa), ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilishapita hekta 300,000. Jamani, miti yote ile haikupandwa na serikali! Vitalu vya miche vilikuwepo, ndiyo, lakini sehemu kubwa ni visiki vilivyoachwa vichipue kwa sababu watu walikubaliana kutolisha pale. Dagashida ilikaa, sungusungu wakalinda, mkosaji akalipa faini.

Ndiyo maana sipendi sheria ndogo inayoletwa kijijini ikiwa imeshachapwa, watu wanasaini mahudhurio tu. Mwenye ng'ombe 300 ataipinda. Mama anayetegemea kuni na uyoga hakuulizwa, basi ataingia kwa kujificha. Sisi maafisa ugani kazi yetu ni kusaidia kupima mipaka, kushauri idadi ya mifugo, na kuwaelekeza namna ya kuipitisha sheria mkutano mkuu wa kijiji hadi halmashauri ya wilaya. Maneno ya ndani yawe yenu.

Kama kwenu hamjapanga, itisheni mkutano kabla ya mvua. Amueni nani anafungua na lini, kila kaya iingize ng'ombe wangapi, na asiye na ng'ombe apate nini. Hilo la mwisho lina kelele sana. Anzeni nalo, watu wakiwa hawajachoka.